Grace Hopper, mwalimu aliyetaka programu isomeke

Kuna ubishi ambao mwalimu yeyote wa Somo la Tarakilishi katika kaunti za Kisii na Nyamira hana budi kuwa ameusikia. Mwanafunzi huleta kazi yake ya mradi, mwalimu akaitazama, kisha akauliza herufi fulani katika mstari wa kumi inasimamia nini. Mwanafunzi husita, akakuna kichwa, halafu akajitetea kwamba programu inafanya kazi, jibu linatoka sahihi, na kwamba hiyo ndiyo namna yake ya kuandika. Aghalabu mwalimu hujikuta hana la kujibu, kwa maana ni kweli programu inafanya kazi. (Natumia neno tarakilishi kwa kuwa limezoeleka madarasani mwetu, wanaopenda kompyuta, na wale wachache wanaoshikilia ngamizi, waniwie radhi.)

Hebu tuchukue mfano wa nyumbani. Wanafunzi wengi wa Nyamira ni watoto wa wakulima wa majani chai wanaopeleka mavuno yao katika viwanda vya Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore au Nyansiongo. Tuseme wawili kati yao wameamua kuandika programu ya kukokotoa malipo ya mkulima kwa mwezi. Mmoja anaandika kwamba a ni sawa na b mara c kutoa d. Mwenzake anaandika kwamba malipo ni sawa na kilo mara bei kutoa makato. Tarakilishi haioni tofauti yoyote ya maana baina ya mistari hiyo miwili. Itatoa jibu lile lile, na mkulima atalipwa shilingi zile zile. Tofauti humwelemea binadamu atakayekuja baadaye, siku ambayo bei imepanda, au makato ya mbolea yameongezwa, au mkulima mmoja amekuja na risiti mkononi akidai kwamba amepunjwa. Huyo wa pili atapata mahali pa kurekebisha kwa kutazama tu. Huyo wa kwanza atalazimika kufumbua fumbo alilolitega mwenyewe.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa dogo, suala la ladha tu, kama mtu apendaye kulaza mwandiko na mwingine apendaye kuusimamisha. Mimi ambaye kazi yangu ni isimu naliona kuwa jambo zito, na yupo mtu aliyelishughulikia kwa takriban miaka 50 ya maisha yake. Mtu huyo ni Grace Hopper. Wanafunzi wetu wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya kisa cha nondo aliyekutwa ndani ya mashine, kisa nitakachokigusia kwa ufupi kwa kuwa ndicho kidogo kuliko vyote katika maisha yake.

Alizaliwa jijini New York tarehe 9 Desemba 1906, mtoto wa kwanza kati ya watatu, akaitwa Grace Brewster Murray. Baba yake alikuwa wakala wa bima. Mzee huyo alipatwa na ugonjwa uliomfanya akatwe miguu yote miwili, na kwa kuwa hakujua ataishi hadi lini, alisisitiza kwamba binti zake wasome sawasawa na mtoto wake wa kiume ili waweze kujitegemea. Mama yake alipenda hisabati, katika zama ambazo mwanamke hakutarajiwa kuipenda. Grace alipokuwa na umri wa miaka saba hivi alifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi. Aliposhindwa kuirudisha alifungua ya pili, kisha ya tatu, hata zikafika saba kabla ya mama yake kugundua. Hakukatazwa. Aliamriwa tu abaki na saa moja ya kuchezea. Wazazi wa kwetu wenye watoto wanaobomoa redio wangefanya vyema kulikumbuka hilo.

Alipotaka kuingia Chuo cha Vassar akiwa na miaka 16 alianguka mtihani wa Kilatini, akangoja mwaka mzima, akaingia mwaka 1924. Alihitimu mwaka 1928 katika hisabati na fizikia, akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1930, na ya uzamifu katika hisabati mwaka 1934. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper. Wakaachana mwaka 1945, naye akalihifadhi jina la mume. Hawakujaliwa watoto.

Sehemu ya maisha yake ambayo watu huiruka ndiyo ninayotaka tuitue hapa kidogo. Kabla ya kuiona tarakilishi yoyote, Hopper alikuwa mwalimu. Alianza kufundisha hisabati huko Vassar mwaka 1931 na akaifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Katika somo la nadharia ya uwezekano alikuwa na desturi iliyowaudhi wanafunzi wake: aliwaeleza kanuni moja ya hisabati, kisha akawataka waiandikie insha. Insha hizo alizisahihisha kama mwalimu wa lugha anavyosahihisha, akizirudisha zimejaa wino. Wanafunzi walilalamika kwamba walikuja kusoma hisabati na si Kiingereza. Jibu lake lilikuwa kwamba hakuna faida ya kuijua hisabati ikiwa mtu hawezi kumweleza mwenzake alichokijua.

Naomba walimu wetu walitafakari hilo. Shuleni kwetu mwalimu wa tarakilishi na mwalimu wa lugha hukutana katika chumba cha walimu wakati wa chai, wakazungumzia mishahara na michezo, kisha kila mmoja akaenda zake. Nadra sana utamsikia mmoja akimwomba mwenzake amtazamie kazi ya mwanafunzi. Mmoja hufundisha mpangilio wa aya, uteuzi wa msamiati, uwazi wa maana. Mwingine hufundisha amri za mashine. Hopper alizichukua kazi hizo mbili kuwa moja, na nathubutu kusema kwamba kila alichokifanya baadaye kilitokana na zile insha za Vassar.

Vita Vikuu vya Pili vilipoifikia Marekani alitaka kujiunga na jeshi la wanamaji. Umri wake ulikuwa umepita, uzito wake ulikuwa chini ya kiwango, na serikali iliwahitaji walimu wa hisabati wabaki madarasani. Alishikilia hadi akapewa idhini maalumu, akaingia katika kikosi cha akiba mnamo Desemba 1943. Alimaliza mafunzo akiwa wa kwanza katika kundi lake, na mnamo Julai 1944 akapelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya Howard Aiken, mahali palipokuwa na mashine iitwayo Mark I. Urefu wake ulikuwa takriban mita 15. Iliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde moja. Amri zake zilitobolewa kwa matundu katika utepe mrefu wa karatasi, na tundu moja likikosewa hesabu nzima iliharibika. Aiken alimkaribisha kwa kumkabidhi kitabu cha amri za mashine na wiki moja ya kuzijua.

Huko Harvard aliyaona mambo mawili yaliyomkaa moyoni. La kwanza ni kwamba Aiken alimwagiza aandike kitabu cha kuieleza mashine hiyo. Kila siku alitakiwa kumsomea mkuu wake kurasa alizoziandika, kwa sauti. Kitabu kilitoka mwaka 1946 kikiwa na kurasa 561. Yaani ofisa aliyepelekwa pale kwa ajili ya kukokotoa alijikuta tena akiandika insha, na tena insha ndefu kuliko zote.

La pili lahusu daftari. Yeye na wenzake, akiwamo Richard Bloch, walikuwa na madaftari ambamo walinakili vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa na kufaulu. Aliyehitaji kipande alimwazima mwenzake daftari, akakinakili kwa mkono. Hapo ndipo makosa yalipozaliwa. Mtu aliisoma tarakimu vibaya, akaandika nyingine. Au alisahau kubadilisha nambari ya mahali ambapo kipande hicho kilipaswa kukaa. Watu hao walikuwa miongoni mwa werevu wa zama zao, lakini walikosea kunakili kama mtoto wa darasa la tatu anavyokosea. Hopper alihitimisha kwamba akili si dawa ya maandishi yasiyosomeka. Kama tarakimu ndizo zinazowachosha watu, basi watu waondolewe tarakimu.

Ama kuhusu nondo, ilikuwa tarehe 9 Septemba 1947, katika mashine iliyofuata, Mark II. Mafundi walimkuta mdudu huyo amenaswa katika swichi, wakambandika kwa utepe katika daftari la kumbukumbu. Hopper hakuwa yeye aliyemkuta, na neno la Kiingereza la mdudu lilikwisha kutumiwa na mafundi kwa maana ya hitilafu miaka mingi kabla. Yeye alikipenda kisa hicho na kukisimulia mara nyingi, basi watu wakampachika. Tuendelee.

Mwaka 1949 alihamia Philadelphia katika kampuni changa ya Eckert na Mauchly, iliyokuwa ikiunda tarakilishi ya UNIVAC. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Remington Rand mwaka uliofuata. Katika mashine moja ya huko alilazimika kufanya hesabu kwa mfumo wa nane badala ya mfumo wetu wa kumi. Akaumudu vyema kabisa. Baada ya muda akaona kwamba hesabu za akaunti yake ya benki haziafikiani na za benki, mwezi baada ya mwezi, hata akamwomba ndugu yake aliyekuwa mfanyakazi wa benki amsaidie. Ndugu akagundua kwamba mara kwa mara dada yake alikuwa akitoa kwa mfumo wa nane. Kisa hiki huwachekesha wengi. Mimi naona kinaeleza jambo la kusikitisha kidogo: badala ya mashine kujifunza desturi za binadamu, binadamu alikuwa amejifunza desturi za mashine hata akaharibikiwa nyumbani kwake.

Katika kampuni hiyo alikuwamo mwanamke mwingine, Betty Holberton, ambaye Hopper alimsifu hadi mwisho wa uhai wake. Holberton alichangia kuzipa amri za UNIVAC alama za herufi badala ya nambari tupu, herufi ambazo zilikuwa za mwanzo wa maneno yenyewe, kama vile A kwa kujumlisha kwa Kiingereza. Ni jambo dogo mno kulitazama. Hata hivyo ni mfano wa mtu kusimama mbele ya mashine na kuuliza nini kitamrahisishia msomaji.

Kati ya mwaka 1951 na 1952 Hopper aliunda programu aliyoiita kompaila, A-0. Kazi yake ilikuwa kuvichukua vipande vilivyohifadhiwa, kuvipanga na kuviunganisha bila mtu kuvinakili kwa mkono. Yale madaftari ya Harvard yakawa yamepata dawa. Wengi hawakumwamini, kwa kuwa walishika imani kwamba tarakilishi hufanya hesabu tu na haiwezi kuandika programu.

Kisha alikwenda mbali zaidi. Alikuwa amekutana na watu wa makampuni ya bima, maduka makubwa na idara za mishahara, akatambua kwamba hao si wanahisabati na wala hawatakuwa. Mwanahisabati huifurahia alama. Karani wa mishahara huikimbia. Kwa hiyo akapendekeza kwamba programu za shughuli za biashara ziandikwe kwa maneno ya kawaida, nayo mashine iyatafsiri. Akajibiwa kwamba tarakilishi haijui Kiingereza. Ilimchukua takriban miaka mitatu kukubalika.

Mnamo Januari 1955 aliwapelekea wakuu wake pendekezo rasmi. Ili kuwashawishi, yeye na watu wake walitayarisha programu ndogo iliyofuata amri zilizoandikwa kwa Kiingereza. Wakaona ni vyema waonyeshe pia kwamba jambo lenyewe ni jepesi, wakayaondoa maneno ya Kiingereza, wakaweka ya Kifaransa. Programu ikafanya kazi. Wakaweka ya Kijerumani. Ikafanya kazi. Wakuu, badala ya kufurahi, walishtuka. Waliona ni jambo lisilowezekana, tena la kutia shaka, kwamba tarakilishi ya Kimarekani iliyoundwa Philadelphia ifahamu Kifaransa au Kijerumani. Hopper na wenzake walilazimika kuahidi kwamba watashughulikia Kiingereza peke yake. Lugha iliyotokana na kazi hiyo iliitwa FLOW-MATIC.

Kwa mwanaisimu kisa hiki ni hazina. Wakuu wale walidhani kwamba Kiingereza kina uhusiano fulani wa ndani na mashine, ilhali mashine haikuwa inajua lugha yoyote. Kwake neno ni mfuatano wa alama tu. Neno la Kiingereza na la Kijerumani ni vitambulisho viwili vya tendo moja, na uhusiano baina ya kitambulisho na tendo ni makubaliano ya watu. Ndivyo lugha zote zilivyo. Hakuna ulazima wa asili unaofanya kile Mswahili anachokiita mtu kiitwe omonto huko Gucha. Wasemaji wameafikiana tu. Kwa ahadi iliyotolewa siku ile Philadelphia, na kwa nguvu za soko la Marekani, lugha za programu zilizotufikia zimejengwa kwa Kiingereza, na hata ile ya Python inayofundishwa watoto wetu leo haikuepuka hilo.

Je, hilo linamkwaza mtoto wa Nyamira? Linamkwaza kwa kiasi fulani, lakini si mahali tunapopafikiria. Maneno yale ya amri ni machache. Mtoto aliyezaliwa katika Ekegusii, akajifunza Kiswahili, akasomeshwa kwa Kiingereza, atayakariri katika muda mfupi. Sehemu kubwa ya programu yoyote imejaa majina ambayo mwandishi anayatunga mwenyewe: jina la kiasi, jina la orodha, jina la kila sehemu ya kazi. Hapo hakuna Mmarekani anayemwamuru. Anaweza kuandika malipo, anaweza kuandika kilo, anaweza hata kuandika chibesa, neno la Ekegusii lenye nasaba moja na pesa yetu. Tatizo ni kwamba uhuru huo wa kutaja vitu kwa majina yake tumeupewa bure, nasi tunautumia kuandika a, b, c na d.

Watetezi wa mtindo wa kibinafsi watasema kwamba wao wanazielewa a na b zao. Nakubali. Ekegusii kina irabu saba katika matamshi, lakini maandishi yake ya kawaida hutumia herufi tano. Mgusii asomapo hapati taabu kubwa, kwa sababu neno tayari analo kichwani. Jicho humpa sehemu, na kumbukumbu humkamilishia. Mgeni akiyasoma maandishi yale yale hukwama. Hali ilikuwa hivyo pia kwa Kiswahili cha kale kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambamo alama tatu za irabu zilifanya kazi ya irabu tano, na msomaji alitakiwa kukisia kama ni e au i, kama ni o au u. Wenyewe walikisia bila shida. Maandishi ya namna hiyo humfaa anayejua tayari kilichoandikwa. Mwandishi wa programu huwa mwenyeji wa kazi yake siku anapoiandika. Baada ya miezi sita amekwisha kuwa mgeni.

Turudi kwa Hopper. Mwaka 1959 wawakilishi wa makampuni na wa serikali walikutana, kwanza Chuo Kikuu cha Pennsylvania mnamo Aprili, kisha makao makuu ya jeshi mnamo Mei, wakaazimia kuunda lugha moja ya programu za biashara itakayokubalika katika mashine za kila kampuni. Lugha hiyo ndiyo COBOL. Hopper hakuiandika peke yake, ingawa mara nyingi husemwa hivyo. Kulikuwa na kamati, nao akina Jean Sammet na Betty Holberton walifanya kazi kubwa. Yeye alikuwa mshauri, na FLOW-MATIC yake ndiyo iliyokuwa msingi mkuu. Maelezo ya lugha yalitolewa mwaka 1960, na mnamo Desemba mwaka huo programu moja ilifanya kazi katika mashine mbili za makampuni tofauti, RCA na Remington Rand.

Haki itendeke kwa wapinzani wake pia. COBOL ina maneno mengi. Jambo ambalo mwanahisabati angeliandika kwa alama tano hugeuka sentensi nzima, na msomaji huchoka kabla ya kufika kituoni. Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyefariki mwaka 2002, aliishambulia mnamo 1975 kwa ukali usio wa kawaida, akiona kuwa kuifundisha ni kuwadhuru wanafunzi. Nami nakubaliana na sehemu ya lawama hizo. Kuandika kwa maneno ya Kiingereza hakuifanyi programu isomeke, kama vile kuandika kwa Kiswahili kusivyoifanya kila insha ya Kiswahili isomeke. Mtu anaweza kuwa na msamiati safi na mpangilio wa ovyo. Lakini Dijkstra huyo huyo, katika barua yake mashuhuri ya mwaka 1968, alipinga amri za kurukaruka ndani ya programu kwa hoja kwamba zinamfanya msomaji apotee njia. Waligombana juu ya dawa. Ugonjwa waliuona mmoja.

Mwaka 1966 jeshi lilimstaafisha akiwa na umri wa miaka 60. Mnamo Agosti 1967 likamwita tena kwa miezi sita. Akakaa miaka 19. Sababu ya kuitwa ni ya kutuvutia sana sisi wa lugha. COBOL ilikuwa imezaa lahaja. Kila kampuni iliongeza chake na kupunguza chake, programu iliyokubalika katika mashine moja ikakataliwa katika nyingine, na jeshi lenye mashine za kila aina likawa kama mji wenye wakalimani wasioelewana. Hopper alipewa kazi ya kusanifisha. Ofisi yake ilitunga majaribio ambayo kila kompaila ilipaswa kuyapita ili ithibitike kwamba inafuata kiwango.

Sisi tuliwahi kuipitia safari hiyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ili kusimamia tahajia na vitabu. Wenyeji wa Mombasa walinung'unika, na hadi leo wapo wanaonung'unika, kwa sababu za haki kabisa. Hata hivyo mtoto wa Keroka na mtoto wa Songea husoma gazeti moja. Hasara ya usanifishaji humwangukia mwandishi aliyependa namna yake. Faida humwendea msomaji ambaye mwandishi hatamwona kamwe.

Hili la upendeleo wa mtu na kazi ya pamoja halihitaji kutafutwa mbali. Huko Tabaka, jiwe la sabuni halitoki machimboni likawa kinyago kwa mkono mmoja. Yuko anayechimba, yuko anayechonga umbo, na wako wanaosugua kwa maji na msasa hata jiwe likawa laini, kazi ambayo aghalabu hufanywa na akina mama. Mchongaji ana mkono wake, na mjuzi huutambua mkono huo. Lakini akiacha alama zisizoeleweka, au akichonga sehemu isiyofikiwa na msasa, aliye mbele yake hawezi kuendelea. Hakuna amwambiaye mchongaji aache ufundi wake. Anaambiwa tu akumbuke kwamba jiwe litapita mikononi mwa wengine.

Nasema haya kwa kuwa mambo yamebadilika. Mnamo Aprili 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha silabasi ya kuandika programu kwa shule za msingi na za upili. Kuandika programu si tena somo la wachache wenye maabara. Na tukiendelea kuwapa alama watoto kwa sababu tu programu imetoa jibu, tutakuwa tumewafunza nusu ya kazi. Ningependa kuona mwalimu akizibadilishanisha kazi za wanafunzi wawili, kila mmoja akatakiwa kurekebisha ya mwenzake bila kumuuliza neno. Ningependa darasa zima likubaliane mwanzoni mwa muhula majina yatakuwa ya Kiswahili au ya Kiingereza, maneno mawili yataunganishwaje, maelezo ya kufafanua yatawekwa wapi, kisha wote wafuate, hata aliyeshindwa katika kura. Lipi hasa litakalochaguliwa halinisumbui. Suala la kuingiza mistari ndani, ambalo vijana hulibishania mno, waliounda Python wameliamua wenyewe: mistari isipopangwa ipasavyo, programu hukataa kabisa. Na kazi moja kila muhula isahihishwe kwa kalamu, kama insha, mwalimu wa lugha akiwa ameketi kando ya mwalimu wa tarakilishi. Haigharimu shilingi.

Hopper alikuwa na saa ofisini iliyokwenda kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, ili wageni waone kwamba desturi si sheria. Wapo wanaoitumia saa hiyo kama ushahidi kwamba aliunga mkono kila mtu afanye apendavyo. Wanasahau kwamba saa ile ilionyesha wakati sahihi, na kwamba mwenye saa alitumia karibu miongo miwili ya uzee wake kuwalazimisha watengenezaji wafuate kiwango kimoja.

Aliendelea kufundisha hadi mwisho. Katika mihadhara yake aliwagawia wasikilizaji vipande vya waya vyenye urefu wa karibu sentimita 30, masafa ambayo umeme hauwezi kuyapita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ili majemadari wauone wakati kwa macho. Alipandishwa cheo kuwa komodoro mwaka 1983 na admirali mwaka 1985. Alistaafu tarehe 14 Agosti 1986 akiwa na miaka 79, ofisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini katika jeshi la Marekani, katika sherehe iliyofanyiwa ndani ya merikebu ya kale ya USS Constitution huko Boston. Hakwenda nyumbani, aliajiriwa na kampuni ya Digital kuwa mshauri. Alifariki usingizini tarehe 1 Januari 1992, nyumbani kwake Arlington, Virginia, akazikwa katika makaburi ya kitaifa ya huko.

Mnamo Aprili 2020, wakati wa janga la korona, mamia ya maelfu ya watu wa jimbo la New Jersey walipoteza kazi na kuomba msaada kwa pamoja. Mashine za jimbo zililemewa, na programu zake zilikuwa za COBOL, zilizoandikwa miongo kadhaa iliyopita. Gavana alisimama hadharani akaomba wenye kuijua lugha hiyo wajitolee. Waliojitokeza walikuwamo wastaafu.